Kimbunga kinapoingia jangwani: Mafuriko ya siku mbili, madhara ya miaka

MNAMO Mei 25, 2018, kimbunga kilichopewa jina Mekunu kilitua karibu na mji wa Salalah, kusini mwa Oman, kikivuma kwa kasi ya takriban kilomita 170 kwa saa. Mji huo kwa kawaida hupata mvua ya kiasi cha milimita 100 hivi kwa mwaka mzima. Safari hii zilinyesha zaidi ya milimita 600 kwa muda wa siku chache tu. Barabara ziligeuka mito, magari yakasombwa, na mabonde yaliyokuwa makavu kama mfupa yakafurika hadi baharini.

Watu wapatao 30 walifariki nchini Oman na Yemen, wengi wao wakiwa wale waliokumbwa na dhoruba hiyo siku mbili awali katika kisiwa cha Sokotra.

Upepo ulitulia baada ya saa chache, lakini mvua haikukoma pwani. Mabaki ya kimbunga hicho yalisonga hadi ndani ya Rub al Khali, yaani Robo Tupu, jangwa kubwa la mchanga linalopakana baina ya Saudia, Oman, Yemen na Muungano wa Milki za Kiarabu. Huko yaliacha maziwa katikati ya matuta ya mchanga, mahali ambapo miaka huweza kupita bila tone kuanguka. Miezi 19 baadaye, mkulima na mfugaji wa Kenya ndio waliokuwa wakilipa gharama ya mvua hiyo.

Kisa cha Mekunu kinaonyesha mambo mawili yanayovitofautisha vimbunga vya jangwani na vya kwingineko. La kwanza ni kwamba kinachoua zaidi ni maji wala si upepo. La pili ni kwamba athari zake haziishi siku jua linapochomoza tena.

Vinakozaliwa

Kimbunga cha aina hii ni mfumo mkubwa wa mawingu na upepo unaozunguka kitovu kimoja. Huzaliwa juu ya bahari ambayo maji yake yana joto lisilopungua nyuzi 26 za Selsiasi. Maji hayo hugeuka mvuke. Mvuke nao hupaa, hupoa na kugeuka matone ya mvua. Katika kugeuka huko, huachilia joto ambalo huupa mfumo mzima nguvu ya kuzidi kuzunguka. Kaskazini mwa Ikweta, mzunguko huo huenda kinyume na mishale ya saa.

Bahari ya Arabuni, ambayo ni pembe ya kaskazini magharibi ya Bahari ya Hindi, ina joto la kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinachoizuia kuzaa vimbunga kila mwezi ni pepo za msimu ambazo mabaharia wa Pwani wamezijua kwa karne nyingi. Kusi inapovuma kwa nguvu zake zote, kati ya Juni na Septemba, upepo wa chini na ule wa juu angani huelekea pande tofauti na kwa kasi tofauti. Dhoruba changa hukatwa kichwa kabla haijakomaa.

Ndiyo sababu vimbunga vya bahari hiyo huwa na misimu miwili. Msimu wa kwanza ni Mei na Juni, kabla Kusi haijashika barabara. Wa pili ni Oktoba hadi Desemba, Kusi ikiwa imetulia na Kaskazi haijaimarika.

Hata hivyo, si kila dhoruba hufika nchi kavu. Hewa kavu inayotoka Bara Arabu hupenya ndani ya mfumo na kuunyima mvuke, mithili ya moto ulionyimwa kuni. Nyingi hufa zingali baharini. Zile zinazofaulu kufika pwani ndizo zinazobakia katika kumbukumbu za watu kwa vizazi.

Majina ya vimbunga hivyo hutangazwa na idara ya utabiri wa hali ya hewa ya India, iliyoko New Delhi, kutoka kwa orodha inayochangiwa na mataifa ya eneo hilo. Orodha iliyotolewa mwaka 2020 ina majina 169 kutoka nchi 13. Kimbunga Luban, kilichopiga mpaka wa Yemen na Oman mnamo Oktoba 2018, kilipewa jina na Oman yenyewe. Neno hilo la Kiarabu ndilo asili ya neno ubani la Kiswahili, na kimbunga chenyewe kiliangukia eneo ambalo limesifika kwa biashara ya ubani tangu enzi za kale.

Kwa nini jangwa hufurika

Wengi hudhani kwamba ardhi iliyokauka kwa miaka haina budi kuyameza maji yote yanayoimwagikia. Mambo huwa kinyume. Sehemu kubwa ya jangwa si mchanga bali ni miamba, changarawe na udongo uliokauka hadi ukawa na gamba gumu juu yake. Mvua kubwa inapopiga gamba hilo, maji hayapati nafasi ya kuzama. Kadhalika, hakuna nyasi wala mizizi ya kuyapunguza mwendo. Yote hutiririka kwa pamoja kuelekea bondeni.

Milima huzidisha hatari. Nyuma ya mji wa Muscat kuna safu ya milima ya Hajar ambayo kilele chake hufikia karibu mita 3,000. Hewa yenye unyevu inayosukumwa na kimbunga kutoka baharini hulazimika kuupanda mlima huo, hupoa ghafla, na mvua huongezeka maradufu. Maji yanayoteremka humkuta mkazi wa mjini akiwa amebanwa kati ya mlima na bahari.

Njia ya maji hayo ni wadi, yaani bonde la mto mkavu. Wakazi wa Wajir, Marsabit na Turkana wanalijua umbo hilo kwa jina la laga. Kwa miezi kumi au miaka kadhaa, wadi huwa njia ya magari, malisho ya mbuzi na uwanja wa watoto kucheza. Kisha, kwa dakika chache, hujaa maji mazito yenye matope, mawe na magogo.

Jambo linalowahadaa wengi ni kwamba mvua yenyewe huenda imenyesha milimani, umbali wa makumi ya kilomita. Mtu anaweza kufikiwa na mafuriko akiwa chini ya anga isiyo na wingu.

Ustawi wa miji umeongeza tatizo hilo. Katika nusu karne iliyopita, miji ya Bara Arabu imepanuka kwa kasi, na nyumba na barabara kuu zikajengwa mlemle mabondeni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na ardhi tambarare. Mitaro ya kupitishia maji haikupewa uzito mkubwa katika nchi ambako mvua kubwa huja mara moja kwa miongo.

Oman: Kutoka 1890 hadi Shaheen

Msiba mkubwa zaidi wa aina hiyo katika kumbukumbu za Oman ulitokea Juni 1890, wakati kimbunga kilipopiga eneo la Muscat na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 700.

Karne moja na ushei baadaye, mnamo Juni 2007, Kimbunga Gonu kilipita kando ya pwani hiyohiyo. Wakati huo kilikuwa kimbunga kikali zaidi kuwahi kurekodiwa katika Bahari ya Arabuni. Watu wapatao 50 walikufa nchini Oman, na hasara ikakadiriwa kuwa dola bilioni nne za Marekani. Maelfu ya watu walihamishwa kutoka pwani kabla ya kimbunga kufika, hatua iliyosaidia kupunguza vifo.

Gonu ilifunza somo ambalo halikutarajiwa. Jiji la Muscat hutegemea maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni. Dhoruba ilipokatiza kazi ya mitambo hiyo, wakazi ambao mitaa yao ilikuwa imefunikwa na maji walijikuta hawana maji ya kunywa. Mabwawa ya kuzuia mafuriko na mfumo wa kitaifa wa kutoa tahadhari ni miongoni mwa mambo yaliyopewa kipaumbele baada ya msiba huo.

Mfumo huo ulipimwa Oktoba 3, 2021, siku Kimbunga Shaheen kilipotua katika pwani ya Batinah, kaskazini mwa Oman, eneo ambalo halikuwa limetuliwa na kimbunga tangu ule mwaka wa 1890. Shaheen alikuwa na historia ya ajabu. Alitokana na mabaki ya kimbunga kingine, Gulab, kilichoingia mashariki mwa India wiki moja awali, kikalivuka bara zima la India na kupata uhai mpya kilipoifikia Bahari ya Arabuni. Katika mji wa Al Khaburah, mvua iliyonyesha ilipita milimita 300. Watu zaidi ya kumi walifariki, wengine wakiwa wameangukiwa na maporomoko ya mlima, na wengine wakichukuliwa na maji.

Matukio hayo hayawi mbali na Afrika Mashariki. Oman ni nchi ambayo Kiswahili bado husikika katika nyumba nyingi, hasa za familia zilizohamia huko kutoka Zanzibar na sehemu nyingine za pwani ya Afrika.

Yemen: Vimbunga viwili kwa wiki moja

Mnamo Novemba 3, 2015, Kimbunga Chapala kilitua karibu na mji wa Mukalla, katika jimbo la Hadhramaut, chimbuko la Washihiri walioingia Mombasa na Lamu miaka mingi iliyopita. Hakikuwa kimewahi kurekodiwa kimbunga chenye nguvu kama hizo kutua katika bara la Yemen. Mvua ya miaka kadhaa ilinyesha kwa siku mbili.

Kabla ya wiki moja kumalizika, Kimbunga Megh kilifuata njia ileile. Kisiwa cha Sokotra kilipigwa na vyote viwili. Mbali na nyumba na mashua zilizoharibiwa, iling'olewa miti adimu ambayo haioti kwingine ulimwenguni, ukiwemo ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu. Miti hiyo hukua polepole mno, na iliyopotea siku hizo haiwezi kurudishwa katika maisha ya mtu mmoja.

Yemen ilikuwa tayari katikati ya vita. Misaada ilifika kwa shida, na hakukuwa na serikali moja yenye uwezo wa kuwahamisha watu kwa wakati. Hali ilikuwa ni hiyohiyo Oktoba 2023, Kimbunga Tej kilipoingia katika jimbo la Al Mahrah, mashariki mwa nchi hiyo.

Somalia: Kipimo cha upepo hudanganya

Pwani ya kaskazini mashariki mwa Somalia nayo ni jangwa, na imekuwa ikipigwa mara kwa mara. Matukio mawili ya huko yanastahili kuwekwa bega kwa bega.

Mnamo Novemba 22, 2020, Kimbunga Gati kilitua karibu na Hafun, Puntland. Kilikuwa kimepanda kutoka dhoruba ya kawaida hadi kimbunga kikali kwa muda wa saa 12 hivi, na hakuna kingine chenye nguvu kama hizo kilichowahi kurekodiwa kutua Somalia. Kilileta mvua iliyozidi ile ya mwaka mzima. Hata hivyo, vifo vilivyoripotiwa havikufika kumi.

Miaka saba kabla ya hapo, Novemba 2013, dhoruba iliyokuwa dhaifu kiasi kwamba haikupewa hata jina iliingia Puntland karibu na Eyl. Watu zaidi ya 160 walifariki. Wengi walikuwa wafugaji waliokumbwa na mvua ya baridi na mafuriko ya ghafla usiku wakiwa mbali na makazi yoyote ya kudumu. Mifugo ilikufa kwa maelfu.

Tofauti baina ya matukio hayo haikutokana na nguvu za upepo. Ilitokana na mahali maji yalipoangukia, muda ambao mvua iliendelea kunyesha, na iwapo waliokuwa bondeni walipata habari mapema. Kimbunga Sagar cha Mei 2018 kilithibitisha hivyo. Kilipenya Ghuba ya Aden hadi Somaliland, magharibi zaidi ya kimbunga chochote kilichokuwa kimerekodiwa katika bahari hiyo. Upepo wake ulikuwa wa wastani, lakini mafuriko yake yaliua makumi ya watu na kuangamiza mifugo katika jimbo la Awdal, mbali na kuufunika kwa maji mji wa Jibuti.

Nzige waliozaliwa na mvua

Sagar na Mekunu vilifuatana kwa muda wa wiki moja. Waliohesabu hasara wakati huo walihesabu nyumba, barabara na mifugo. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa bado imo mchangani.

Nzige wa jangwani hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, huhitaji majani mabichi ili wakue. Katika Rub al Khali, hali hizo mbili hukosekana kwa kawaida. Mekunu ilizileta zote kwa pamoja. Mimea ilipoanza kunyauka Oktoba mwaka huohuo, Luban ikaleta mvua nyingine katika eneo lilelile.

Katika mazingira mazuri, kila kizazi cha nzige huongezeka takriban mara 20. Vimbunga hivyo viwili viliwapa nafasi ya kuzaa vizazi vitatu kwa muda wa miezi tisa. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), idadi yao iliongezeka mara 8,000. Sehemu walizokuwamo hazina barabara wala wakazi, hivyo vizazi vya kwanza vilikua bila kuonekana wala kupulizwa dawa.

Mapema mwaka 2019 makundi yao yalisambaa hadi Yemen, ambako vita vilizuia juhudi za kuyaangamiza, na pia Saudia na Iran. Baadaye mwaka huo yalivuka Ghuba ya Aden na kuingia Somalia na Ethiopia. Desemba, Kimbunga Pawan kilitua Puntland na kulowesha upya mchanga ambao nzige walihitaji ili kuendelea kuzaana.

Desemba 28, 2019, makundi ya kwanza yaliingia Kenya kupitia Mandera. Katika wiki zilizofuata yalienea Wajir, Marsabit, Isiolo, Samburu, Laikipia, Meru na Kitui. Wataalamu walisema Kenya haikuwa imeshuhudia uvamizi wa kiwango hicho kwa miaka 70. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki mwa nchi lilikuwa na upana wa kilomita 40 na urefu wa kilomita 60.

Kundi la nzige linaloenea kilomita moja ya mraba tu huweza kula kwa siku moja chakula kinachotosha watu 35,000. Ndege za kupuliza dawa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) walitumwa kukabiliana na janga hilo, ambalo liliendelea hadi mwaka 2021.

Kenya na vimbunga vyenyewe

Kenya yenyewe haipigwi moja kwa moja na vimbunga kwa sababu iko juu ya Ikweta. Nguvu inayotokana na dunia kujizungusha kwenye mhimili wake, ambayo ndiyo huufanya upepo uzunguke kitovu, huwa hafifu mno karibu na Ikweta. Kusini zaidi, hali ni tofauti kidogo: Lindi nchini Tanzania ilipigwa Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024.

Lakini yanayofanyika baharini huigusa Kenya kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2019, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida, ilhali upande wa mashariki ulikuwa umepoa. Hali hiyo ilichangia kuzaliwa kwa vimbunga vingi katika Bahari ya Arabuni mwaka huo. Hiyohiyo ndiyo iliyoleta mvua kubwa za vuli Afrika Mashariki, pamoja na maporomoko ya ardhi yaliyoua makumi ya watu katika Kaunti ya West Pokot mnamo Novemba.

Wanasayansi wanaeleza kwamba Bahari ya Arabuni inazidi kupata joto kadiri hali ya hewa ya dunia inavyobadilika, na kwamba vimbunga vikali sasa vinatarajiwa humo zaidi ya zamani.

Neema na tahadhari

Haimaanishi kwamba mvua hizo huleta maafa matupu. Jangwani, kila tone ni mali. Tangu miaka ya 1980 Oman imejenga mabwawa yanayoyazuia maji ya wadi kwa muda ili yazame taratibu na kujaza visima, hasa katika pwani ya Batinah ambako maji ya chumvi yamekuwa yakipenya chini ya mashamba. Mifereji ya kale iitwayo aflaj, ambayo baadhi yake ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia, pia hupata maji mapya. Wafugaji hupata malisho mahali ambapo hapakuwa na jani.

Kupata neema hiyo bila kilio kunategemea hatua zinazojulikana. Setilaiti huonyesha kimbunga siku kadhaa kabla hakijatua, na muda huo watosha kufunga shule, kuhamisha wagonjwa na kuwaondoa watu mabondeni. Maji yenye kina cha sentimita 60 yanayokwenda kasi huweza kulichukua gari, na sheria za Oman humwadhibu dereva anayejaribu kuvuka wadi iliyofurika. Kwa nchi za Pembe ya Afrika, utabiri hutolewa na ICPAC, kituo cha jumuiya ya IGAD chenye makao yake nchini Kenya. Kazi ngumu zaidi ni kuufikisha ujumbe kwa mfugaji aliye mbali na simu na barabara, kabla giza halijaingia.

Kuna kazi nyingine ambayo huanza baada ya mafuriko kukauka. Mvua ya kimbunga inapoingia Rub al Khali, maafisa wa kudhibiti nzige hulazimika kuyachunguza matuta ya mchanga kwa miezi kadhaa wakitafuta rangi ya kijani. Matuta hayo yako zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Nairobi. Mwaka 2018 hakuna aliyeyafikia kwa wakati, na miezi 19 ikawatosha nzige kuukamilisha mwendo huo.